BOMBA LA KUVUKA CHINI YA MOTOKAA YA ZAMANI

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa jioni wa tawi la Nakuru, na kuandikwa hapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika



Halmashauri ya tawi imetupa nafasi hii tuseme juu ya bomba la moshi. Twajua ya kuwa wengine wenu mlicheka mlipoona habari hii ubaoni. Mlisema, tangu lini chama cha wafanyakazi kikajali motokaa za kukimbia mbio, motokaa za watu wenye mashamba na mahoteli? Kicheko hicho tumekipokea kwa mikono miwili, maana hata sisi tulicheka siku ya kwanza motokaa hiyo ilipoletwa kwetu. Hatucheki tena. Karibu tuue mtu na mtoto wake.

Mnatujua. Sisi ni watu watano wa karakana ya reli, na baada ya saa za kazi na siku ya Jumamosi tuna kibanda chetu cha mabati, upande ule wa mji wenye mafundi wa jua kali. Mshahara ni mmoja, karo ni nyingi, na mkono uliofundishwa kazi ya chuma hautakaa bure. Wengi wenu mnafanya hivyo hivyo, mmoja anachomelea milango, mwingine anatengeneza pampu, mwingine pikipiki. Kwa hiyo tulipomwambia Katibu mambo yaliyotupata, alisema, “Semeni mbele ya watu wote, maana kesho litampata mwingine.”

Kwanza tueleze bomba lenyewe, kwa kuwa si kila motokaa inalo.

Injini ya motokaa nyingi mnazoziona barabarani ina silinda zake katika mstari mmoja. Moshi wote hutoka upande mmoja, hukusanyika katika chuma kimoja, kisha hushuka katika bomba moja mpaka kwenye sailensa. Hapo hakuna la kuvuka. Hata Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari mwaka wa 1971 na tena mwaka wa 1973, ina silinda sita lakini zimepangwa mstari mmoja, kama askari. Lakini ziko injini nyingine ambazo silinda zake zimegawanyika pande mbili. Peugeot 504 ile ya silinda sita iliyoshinda Safari mwaka wa 1978 ilikuwa hivyo, silinda tatu huku na tatu kule. Na Porsche 911 ni hivyo hivyo, ila silinda zake zimelala chali kabisa, tatu kushoto na tatu kulia, na injini yenyewe imewekwa nyuma ya motokaa, mahali ambapo sisi tungetia mizigo.

Basi fundi aliyeunda injini ya namna hiyo ana moshi wa pande mbili. Anaweza kuupeleka kila mmoja njia yake mpaka mwisho. Au anaweza kuuvusha moshi wa upande mmoja, upite chini ya injini, ukaungane na wa upande wa pili, na kutoka hapo njia iwe moja. Bomba linalofanya kazi ya kuvusha ndilo tunalolisema jioni hii. Sisi kibandani tumeliita bomba la kivuko. Katika 911 za miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 halikuwapo; kila upande uliingia katika sailensa kwa mlango wake. Katika zile ziitwazo SC, zilizoundwa tangu mwaka wa 1978 mpaka 1983, lipo: moshi wa kushoto unavuka kwenda kulia.

Motokaa iliyotujia ilikuwa SC. Mwenyewe ni mkulima wa upande wa Rongai, mtu mpole, si mtu wa kutupigia kelele. Aliinunua ikiwa imekaa chini ya mti miaka mingi, akitaka kuifufua. Tangu mwaka wa 2003, yalipoanzishwa mashindano ya Safari ya motokaa za zamani, watu wengi wamezipenda tena motokaa hizi, na nyingine zilizokuwa makao ya kuku zimetolewa na kupakwa rangi. Bomba lake la kivuko lilikuwa limeoza kwa kutu, lina tundu la kupitisha kidole gumba.

Alikuja na bomba jipya mkononi. Alikuwa ameliagiza kutoka nje, akalipia na ushuru. Lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, linang'aa kama sufuria ya bibi harusi, tena nene kuliko la zamani. Aliambiwa ya kuwa bomba pana huongeza nguvu na kufanya sauti iwe ya mashindano. Sisi tulilitazama tukalipenda. Hatukupima kitu. Tukakubaliana shilingi 9,000, kazi ya watu wawili siku tatu, tukaanza.

Upande wa kushoto liliingia vizuri. Upande wa kulia, matundu ya boliti hayakukutana; yalipishana kwa upana wa penseli. Sasa ndugu, sote tunajua mtu hufanya nini saa kumi na mbili jioni, jua linazama, mwenye kazi amesimama mlangoni na funguo mkononi. Tulichukua mtaimbo. Mmoja akasukuma, mwingine akaingiza boliti, ikaingia, tukakaza. Motokaa ikanguruma, mwenyewe akafurahi, akatulipa na kutuongezea ya chai.

Wiki mbili baadaye alirudi. Alikuwa amesafiri kwenda Eldoret pamoja na kijana wake wa miaka tisa. Mnaijua njia hiyo. Nakuru tuko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na steshoni ya Timboroa iko juu ya mita 2,700. Asubuhi huko ni baridi ya kukata masikio. Basi alifunga madirisha, akafungua joto la motokaa. Kabla ya kufika Timboroa mtoto alisema kichwa kinamwuma. Kisha akasinzia. Kisha akatapika usingizini. Baba naye alisikia kichwa kizito, akadhani ni kimo cha mlima. Aliposimamisha motokaa ili amsafishe mtoto, alishuka akayumba kama mlevi. Upepo wa Timboroa ndio uliowaokoa. Walikaa kando ya njia saa nzima wakipigwa na baridi, na mtoto akapata nafuu polepole, akapelekwa kwa daktari.

Hapo ndipo tulipotoka jasho. Maana tulijua maana yake hata kabla hajamaliza kusema.

Sikilizeni jinsi joto la motokaa hiyo linavyotengenezwa. Motokaa nyingine hupasha hewa kwa maji ya moto ya rejeta. Porsche hii haina maji; injini yake inapozwa kwa upepo wa feni. Kwa hiyo mabomba ya moshi yamevikwa koti la bati, kila upande koti lake, na feni hupuliza hewa kati ya koti na bomba. Hewa hiyo hupata moto kwa kugusa bomba, kisha hupelekwa mbele walipokaa watu. Kati ya pumzi ya abiria na sumu ya injini pana unene wa bomba tu. Bomba likipasuka ndani ya koti, au kiungo chake kikiachia, sumu hupulizwa moja kwa moja mpaka puani mwa mtoto. Tena feni hiyo huvuta hewa yake kutoka katika chumba cha injini. Mipira inayoziba mabati ya injini ikiwa imekauka na kupasuka, moshi unaovuja chini hupanda juu, feni huunyonya, na mwendo ni ule ule.

Na sumu yenyewe ni ile ile ya jiko la makaa. Hapana mtu wa Molo asiyejua habari ya watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa na asubuhi wakakutwa wamekufa. Inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa njema tunayoihitaji, na kwa hiyo mtu hukosa pumzi huku anapumua. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na usingizi ndio unaoua, kwa kuwa aliyesinzia hafungui dirisha.

Tuliifungua motokaa. Bomba lenyewe la kung'aa lilikuwa zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Kilichopasuka ni kiungo cha zamani upande wa kulia, pale bomba la ndani linapochomelewa mwishoni mwa koti. Chuma cha miaka arobaini kilivutwa na bomba tulilolilazimisha, kikavumilia kwa siku chache, halafu kikaachia. Stadi mbili za kwenye kichwa cha silinda zilikuwa zimeanza kukatika nazo.

Tulikaa kitako tukashauriana, na hatutawaficha ya kuwa tulibishana. Wawili kati yetu walisema, bomba alilileta mwenyewe, sisi tulilifunga tu, kwa hiyo hasara ni yake. Watatu walisema, bomba alilileta yeye, mtaimbo tuliushika sisi. Hayo ya watatu ndiyo yaliyokubaliwa. Tulimwambia mwenye motokaa ukweli wote, tukamwambia asiiendeshe, na kazi ya pili tutaifanya bila malipo ya mikono, ila vyuma anunue yeye. Kwa mwezi mmoja na nusu kibanda hakikutupatia senti kwa kazi hiyo. Akina mama nyumbani waliuliza maswali, na maswali yao yalikuwa ya haki.

Sasa tuje kwenye kuchagua bomba, maana hilo ndilo mlilotuitia.

Jambo ambalo sisi watu wa reli tungalipaswa kulijua kuliko fundi yeyote wa mji huu ni kwamba chuma hukua. Reli ya urefu wa mita 12, ikipata joto la digrii 30 zaidi ya lile la alfajiri, huongezeka urefu karibu milimita 4. Ndiyo sababu wazee wetu wa njia waliacha nafasi kati ya reli na reli, na gari moshi likipita husema ta-ta, ta-ta. Tumekanyaga nafasi hizo kila siku ya maisha yetu, na tulipoingia chini ya motokaa tukazisahau. Bomba la moshi halipati digrii 30, hupata digrii 400 na kuzidi. Kipande cha sentimita 60 tu cha chuma cha kawaida, kikipata digrii 400, huongezeka karibu milimita 3. Kile cha chuma kisichoshika kutu huongezeka zaidi ya milimita 4, kwa kuwa chuma hicho hukua kuliko cha kawaida. Yaani kipande kifupi kama mkono wa mtu hukua sawa na reli nzima juani. Kikipoa hurudi. Kila safari hukua na kurudi, hukua na kurudi. Kisipopata nafasi kitasukuma, na kitakachosalimu amri ni chuma kikongwe kuliko vyote.

Bomba la kiwandani lilikuwa na mapindo, na tulidhani mapindo yale ni ya kukwepa injini tu. La. Pindo ndilo pumzi ya bomba. Bomba lenye pindo refu hujikunja kidogo likipata moto, nalo halisukumi sana. Bomba lililonyooka kama rungu husukuma kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo mtu akikuletea mabomba mawili, moja limenyooka na jingine lina pindo pole, chukua lenye pindo, hata kama lile lililonyooka linapendeza macho. Na ikiwa hapana nafasi ya pindo, itakupasa kuweka kiungo cha kuteleza, bomba ndani ya bomba na kibano juu yake, au kile kipande chenye mikunjo kilichovikwa wavu wa waya ambacho motokaa nyingi za siku hizi zinacho. Kiungo cha kuteleza huvuja kidogo injini ikiwa baridi, na kwa motokaa ya namna hii, ambayo joto lake hutoka kwenye moshi, sisi hatukitaki. Tulichagua pindo.

Juu ya unene tutasema maneno machache, kwa sababu ndipo wenye motokaa wanapodanganywa sana. Bomba jembamba hukaba injini, hilo ni kweli. Lakini bomba pana mno huufanya moshi uende polepole, na moshi uliozoea kukimbia na kuvuta mwenzake nyuma yake huzubaa. Wazee waliofanya kazi na injini za mvuke walilijua jambo hili. Yale Garratt makubwa ya daraja la 59, yaliyoundwa Manchester mwaka wa 1955 na 1956, yalitiwa bomba la kutolea mvuke la namna ya Giesl, lenye matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja chini ya bomba bapa la juu. Nendeni makumbusho ya reli Nairobi mkaitazame namba 5918, mtaona bomba lake la juu ni bapa kama kisanduku cha kiberiti. Hawakutafuta tundu kubwa. Walitafuta mvuke utoke bila kukabwa na bado uwe na mwendo wa kuvuta moshi. Basi kwa motokaa ambayo injini yake haikubadilishwa, chukua kipenyo cha ndani kile kile cha kiwandani. Pima kwa kalipa, usipime kwa jicho. Na upime mahali pa pindo pia, maana bomba lililopindwa ovyo hubonyea likawa kama yai, na hapo upana uliolipia haupo tena.

Kubonyea huku kwazuilika hata kibandani. Tulijaza mchanga ndani ya bomba, tukaziba ncha zote mbili, tukalipasha moto na kulipinda polepole. Mchanga sharti uwe mkavu kabisa, umekaangwa juu ya moto kama njugu. Mchanga wenye maji hutoa mvuke, na mvuke hutoa kizibo, na kizibo hutoa jicho la mtu.

Halafu chuma chenyewe. Hapa tutasema kwa nguvu kidogo, maana si habari ya motokaa tena. Wako wenzetu wanaotengeneza mabomba ya moshi kwa mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, kwa kuwa yapo kila duka na bei ni nafuu. Ukichomelea bomba hilo utaona moshi mweupe. Huo ni zinki inayochemka. Ukiuvuta, jioni utatetemeka kwa homa, kifua kitabana, mdomo utakuwa na ladha ya sarafu, na utamwambia mkeo una malaria. Wengine hunywa maziwa kwanza na kudhani wamejikinga. Maziwa yanakwenda tumboni, ndugu, na moshi unakwenda mapafuni. Msitumie bomba la zinki kwa kazi hii. Na chuma kisichoshika kutu nacho, ukikichomelea, moshi wake ni mbaya kwa mapafu kwa miaka, hata kama hukupata homa siku ile. Chomelea nje penye upepo, simama upande ambako upepo unatoka.

Sisi tulichagua chuma cha kawaida, bomba lisilo na mshono, ukuta wa milimita 2. Litashika kutu, twajua. Baada ya miaka kadhaa litabadilishwa. Lakini linakua kidogo kuliko lile la kung'aa, linachomeleka kwa rodi tulizo nazo, na likichoka litaoza lenyewe kabla ya kuvunja chuma cha mwenzake ambacho hakipatikani tena kwa urahisi. Mwenye motokaa hakupenda mara moja. Alisema lile la kung'aa amelilipia. Tulimjibu ya kuwa lile ni zuri, halina kosa, ila halikuundwa kwa motokaa iliyokwisha kugongwa na kunyooshwa kama yake, na sisi hatutalifunga. Kama angetaka fundi mwingine alifunge, ilikuwa haki yake. Alitafakari, akamtazama kijana wake aliyekaa juu ya tairi akila mahindi, akasema, “Fanyeni.”

Namna ya kupata umbo tulijifunza kwa mzee mmoja aliyekwisha kustaafu. Anasema, usitengeneze bomba kwa bomba la zamani, kwa kuwa la zamani limekwisha kupindika pamoja na motokaa. Funga kwanza kila kitu kilicho imara mahali pake: makoti ya pande zote mbili, tena mapya au yaliyotengenezwa, na sailensa. Kisha chukua waya nene ya seng'enge, uipinde kutoka mlango huu mpaka mlango ule, ukipisha injini na kuangalia chini. Kuangalia chini ni neno kubwa kwetu. Njia za Ulaya ni laini. Njia ya Elmenteita ina mawe yanayosubiri kama fisi. Bomba letu halikushuka chini kuliko chuma cha injini hata kwa upana wa kidole.

Waya ikishakubali, ndipo bomba hupindwa kuifuata waya. Kisha sahani za kufungia, zile tunazoziita flanji. Hizi ndizo tulizozitilia mashaka zaidi ya yote. Flanji nyembamba hukunjika boliti zikikazwa, kati pakafunga na pembeni pakaachia, na moshi ukapata mlango. Zetu zilikuwa za unene wa milimita 10. Tulizifunga mahali pake kwenye motokaa kwa boliti, bomba likawekwa kati yake, tukalishikiza kwa vitone vitatu vya moto kila upande, ndipo tukalitoa na kulichomelea lote juu ya meza. Moto wa kuchomelea huvuta flanji ikapinda, kwa hiyo tulizirudia: tulipaka masizi juu ya kipande cha kioo, tukasugua flanji juu yake, na kila palipopata weusi tukapiga tupa, tena na tena, mpaka weusi ukaenea pote. Kazi hiyo peke yake ilikula jioni mbili. Gasketi ikawa mpya. Gasketi ya zamani hairudishwi, hata kama yaonekana njema, hata kama duka limefungwa.

Halafu tukafunga. Na hii ndiyo alama tunayowaomba mwichukue nyumbani: boliti ziliingia zote kwa vidole. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyevuta, mtaimbo ulikuwa umefungiwa ndani ya sanduku na ufunguo alikuwa nao mwenzetu mwingine. Bomba lisiloingia kwa vidole si la motokaa hiyo, hata kama limeandikwa jina lake na kulipiwa ushuru bandarini.

Kujaribu kama linavuja hakuhitaji mashine. Injini ikiwa baridi, tuliziba bomba la nyuma kwa kitambaa, tukapuliza hewa ndani kwa pampu, na kupaka maji ya sabuni kila kiungo. Palipotoa povu palikuwa pamoja, kwenye koti la kushoto, mahali ambapo hatukupashuku kabisa. Tukapatengeneza. Mipira ya mabati ya injini tukaibadilisha yote. Kisha tukaiwasha motokaa nje, na nje maana yake nje, si ndani ya kibanda huku mlango umesindikwa kwa sababu ya mvua. Mwenzetu mmoja aliwahi kuanguka kwa namna hiyo, na tunaomba watu wa pikipiki na jenereta walisikie hilo pia.

Mwenye motokaa aliagizwa arudi baada ya kilomita 500 tukaze boliti upya, kwa kuwa gasketi mpya hukaa chini. Alirudi. Alikuwa amekwenda Eldoret na kurudi akiwa amefungua joto, dirisha moja wazi kidogo kama tulivyomwambia, na kijana alikuwa ameimba njia nzima mpaka baba akachoka. Alitaka kutulipa kazi ile ya pili. Tulikataa mara mbili, na mara ya tatu tukapokea nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyonunua kalipa mpya mnayoiona mbele ya Katibu.

Ndugu mmoja ameuliza kwa karatasi kama afadhali kuliondoa bomba la kivuko kabisa na kurudisha mtindo wa zamani, kila upande njia yake. Yawezekana, na wenye fedha hufanya hivyo. Motokaa hupumua vizuri zaidi. Lakini itakubidi kubadilisha makoti yote mawili na sailensa pamoja. Akikuletea vyote vitatu, pokea kazi. Akikuletea kimoja na kukwambia “utafanya maarifa”, mrudishie.

Mwingine ameuliza bei. Kwa bomba moja la kutengeneza tangu waya mpaka jaribio la sabuni, watu wawili, hesabuni siku nne na si tatu. Siku ya nne ni ya flanji na sabuni. Mwenye motokaa akisema kibanda cha jirani kitafanya kwa siku moja, mpeni habari ya Timboroa, halafu mwacheni achague.

Kalipa itakaa ofisini kwa Katibu. Mwanachama yeyote anayefanya kazi ya jioni aweza kuiazima kwa kutia sahihi katika daftari, na airudishe Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi. Kioo kile chenye masizi kiko kibandani kwetu, hatukiazimi, kwa kuwa viwili vimekwisha kuvunjika. Lakini leteni flanji zenu, tutazisugua pamoja.